Mtutu wa Kaboni na Gundi ya Dakika Kumi

Nianze kwa kulimaliza swali ambalo huja kila nikisema nilikuwa fundi wa bunduki za kuwindia. Hapana, sijawahi kumpiga mnyama hata mmoja. Kwa miaka zaidi ya thelathini nimezifungua, nimezifunga, nimezijaribu kwenye uwanja wa shabaha, nimezipaka mafuta mpaka mke wangu akasema nanuka kama cherehani, lakini kuwinda sijaenda. Waswidi huona ajabu. Mimi sioni. Anayeshona magauni ya maharusi si lazima aolewe kila Jumamosi.

Mwezi uliopita ninyi vijana mlinialika ukumbini pale Tensta, mtaani kwetu hapa Uswidi, niwaeleze habari za kazi. Nikasema nusu saa. Wengine wenu mkaniuliza kwa Kiswidi, mimi nikajibu kwa Kiswahili changu cha Tabora, kijana mmoja wa Kikongo akatafsiri kwa Kifaransa ambacho hakuna aliyekiomba, na mwisho tukaishia kwenye sambusa. Sambusa zilikuwa nzuri. Lakini nilichotaka kusema sikukisema, kwa hiyo naandika, maana kwenye karatasi hamwezi kunikatiza.

Nilikuja nchi hii kutoka karakana ya reli Tabora, kwa mafunzo ya ufundi wa chuma ya mwaka mmoja. Mwaka huo mmoja bado unaendelea. Mafunzo yalipokwisha nilipata kazi kwa mzee mmoja wa Spånga aliyeitwa Gustav, mwenye karakana ya bunduki nyuma ya nyumba yake, dakika chache kwa miguu kutoka kituo cha treni. Hakuniuliza cheti. Alinipa kipande cha chuma na tupa, akaniambia nikisawazishe, akaenda kunywa kahawa. Aliporudi alikilaza juu ya kioo, akakichungulia dhidi ya mwanga wa dirisha, akaniambia nije Jumatatu.

Gustav alikuwa mchache wa maneno. Wiki ya kwanza nilikaza skrubu ya darubini kwa nguvu nilizozizoea kwenye reli, kichwa cha skrubu kikakatika. Nikajua nimefukuzwa. Yeye akanipa bisibisi ndogo ya kushikwa kwa vidole viwili tu, akasema bunduki si behewa. Hiyo ndiyo hotuba ndefu kuliko zote alizonipa mwaka ule. Mengine nilijifunza kwa kuitazama mikono yake. Akimaliza kufunga mtutu alikuwa anapitisha kipande cha karatasi kati ya mtutu na mbao ya kitako, kuanzia mbele kurudi nyuma hadi karibu na chemba, pale risasi inapokaa. Karatasi ikikwama popote, alivua kila kitu akaanza kukwangua mbao upya, kwa sababu mtutu ukiegemea mbao, ukishapata joto unasukumwa upande na risasi inakwenda kwingine. Karatasi hiyo nimeitumia kila siku ya kazi yangu. Risiti ya dukani inatosha, msije mkanunua kifaa.

Siku zile vitako vyote vilikuwa vya mbao, na mbao hunywa mafuta vizuri penye joto. Kitako peke yake si silaha, kwa hiyo nilikuwa nabeba kimoja kimoja hadi nyumbani Tensta na kukipaka mafuta ya kitani jikoni. Mke wangu Mwajuma alivumilia mpaka siku ya Idi, pilau iliponukia fenicha mbele ya wageni. Tangu siku hiyo mbao zikapakwa karakanani.

Gustav alipofariki, bintiye Elin ndiye aliyeirithi karakana. Elin alisomea kazi hii shuleni, ana karatasi zake ukutani, na yeye ndiye aliyeleta mambo mapya: vitako vya plastiki ngumu, vizuia sauti, na mwishowe mitutu ya nyuzi za kaboni. Mtutu wa kwanza wa kaboni nilipoushika nilidhani sanduku ni tupu. Nikamwambia Elin wametuletea fimbo ya kuvulia samaki. Akacheka, akaniambia nikae nisome maelezo. Nilikuwa na umri wa kupumzika tayari, lakini nilikaa nikasoma, na niseme ukweli, nilisoma kurasa za uzito na picha, nikaruka zile za kufunga. Kufunga mtutu nilikuwa nakujua. Ndivyo nilivyojiambia.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana mtandaoni watu wanatia chumvi sana. Mtutu wa kaboni si kaboni mpaka ndani. Ndani kuna bomba la chuma, jembamba kuliko la kawaida, lenye mifereji ile ile inayoizungusha risasi. Nje ndiko zilikozungushwa nyuzi za kaboni na gundi, tabaka juu ya tabaka. Chuma kinabeba moto na msukumo, kaboni inaushika mtutu usitikisike. Kwa hiyo unapata mtutu mnene ulio mwepesi. Hauongezi akili ya mpigaji. Mkono unaoyumba utaendelea kuyumba, ila kwa wepesi zaidi.

Mteja akija anataka kaboni, msianze na kilo. Muulizeni anavyowinda. Anayetembea milimani siku nzima ana haja moja, anayekaa kwenye kituo kimoja akisubiri ana nyingine. Muulizeni pia risasi anazotumia, kwa sababu wawindaji wengi sasa wanaacha risasi za risasi, namaanisha zile za madini laini ya zamani, wanatumia za shaba. Za shaba ni ndefu zaidi kwa uzito ule ule, na risasi ndefu inataka mtutu wenye mifereji inayozunguka kwa haraka zaidi. Ukikosea hapo, umemuuzia mtu mtutu mzuri usiopatana na chakula chake. Halafu muulizeni kama atafunga kizuia sauti. Kizuia sauti kinaongeza urefu na kinauvuta uzito mbele, kwa hiyo mtutu uwe mfupi kidogo, la sivyo mteja atakuwa anakwaruza kila mti wa msituni.

Na kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi kwa sauti. Bunduki nyepesi inapiga teke zaidi. Ulichokipunguza kwenye mkono unaweza kukirudisha begani. Hili ndilo lililoniumiza kichwa siku Nyambura alipokuja.

Nyambura ni muuguzi, Mkenya wa Nyeri, anafanya kazi hospitalini kule Flemingsberg. Mume wake, Anders, alikuwa Mswidi na mwindaji, na yeye ndiye aliyemfundisha mkewe kuwinda mpaka akapata cheti chake mwenyewe. Anders alikuwa amefariki miaka miwili kabla. Bunduki alimwachia mkewe, leseni ikabadilishwa ikawa ya jina lake, na kundi la wawindaji alilokuwamo likamwachia Nyambura kituo cha Anders, ukingoni mwa kinamasi kimoja kaskazini mwa jiji. Hapo ndipo alipokaa na mumewe kila Oktoba wakimsubiri älg, yule mnyama mrefu kuliko farasi, mwenye pembe pana kama sinia.

Shida ilikuwa bega. Miaka ya kugeuza wagonjwa kitandani ilikuwa imelimaliza bega lake la kulia. Bunduki ya Anders ilikuwa na mtutu mnene wa chuma, mzito kama nondo, na msimu uliopita Nyambura alishindwa kuinua mikono kabla ya saa sita mchana, akatoka kituoni mapema. Asipokuwepo mtu pale, wanyama wanapita hapo hapo na kazi ya kundi zima inaharibika. Kiongozi wa kundi akamwambia kwamba msimu huu asipoweza kukishika kituo wiki nzima, atapewa mwingine. Alimwambia kwa heshima zote, kama Waswidi wanavyojua kukunyima kitu huku wakikumiminia kahawa.

Nyambura alinieleza haya akiwa amesimama, koti hajavua. Akasema amekaa Uswidi miaka ishirini, na kundi lile ndilo mahali pekee nje ya nyumba yake ambapo hakuna anayemuuliza anatoka wapi. Wanamuuliza tu amekaa kituo gani. Nilielewa bila kuelezwa mara mbili. Sote tuliokuja hapa tuna mahali pamoja pa namna hiyo, au tunapatafuta.

Nikamuuliza bega linauma akipiga au akiinua.

"Nikiinua, mzee," akasema. "Kupiga ni mara moja. Kuinua ni siku mzima."

Hapo nikapata njia. Bunduki ya Anders ilikuwa ya risasi ya wastani, isiyo na teke kali, na kizuia sauti kinapunguza teke pia. Tukipunguza karibu kilo nzima mbele, tukafunga mtutu mfupi wa kaboni na kizuia sauti kidogo, bega lingepona kwenye kuinua na lisingelipia sana kwenye kupiga. Nilimpa bunduki moja ya dukani ya namna hiyo aielekeze dirishani, nikahesabu dakika. Alipita mbili, bado mkono umetulia, nikamwona anauma mdomo asilie. Nikajifanya natafuta miwani.

Elin akakagua karatasi zote za Nyambura kabla ya kuagiza. Hapa Uswidi mtutu wenyewe, hata ukiwa peke yake mezani, ni kitu cha sheria, na karakana yetu ilikuwa na kibali chake. Kijana asije akaagiza mtutu mtandaoni akidhani ni bomba la baiskeli.

Mtutu ulifika zikiwa zimebaki wiki mbili msimu ufunguliwe. Ilikuwa Jumanne. Elin alikuwa ametoka, mimi peke yangu na redio. Nikaufungua ule wa Anders kwa namna niliyofundishwa: mtutu unabanwa kwenye jiliwa, kile kibanio cha mezani, kati ya vipande viwili vya mbao vilivyochongwa duara, unanyunyiza unga wa ulimbo ili usiteleze, halafu unazungusha mwili wa bunduki kwa spana yake. Ukaachia kwa mlio mmoja. Nikausafisha, nikaufunga kwenye kitambaa chenye mafuta, nikauweka pembeni kwa ajili ya mwenyewe. Nikasafisha hesi, yale meno ya kuufungia, nikapaka grisi kidogo, nikaufunga mtutu mpya, nikakaza.

Baada ya kukaza unapima chemba. Tuna vipande viwili vya chuma vyenye umbo la risasi, vinaitwa geji. Kimoja ni cha kuingia, kingine cha kukataa. Komeo la bunduki lazima lifunge kwenye cha kwanza na lisifunge kwenye cha pili. Likifunga kwenye vyote, chemba ni ndefu mno, risasi inaweza kupasuka nyuma, karibu na uso wa mtu. Lisipofunga hata kwenye cha kwanza, chemba ni fupi. Yetu ilikuwa fupi, kwa unene wa unywele. Hilo si kosa, ndivyo inavyotakiwa, kwa sababu kupunguza unaweza na kurudisha huwezi. Unachotakiwa ni kuufungua mtutu tena, kupitisha kikerezeo, kile chombo cha kukwangua chuma ndani ya chemba, mizunguko miwili mitatu, na kuurudisha.

Hapa ndipo mikono yangu iliponitangulia. Ule mtutu una sehemu ndogo tu ya chuma tupu karibu na chemba, urefu wa vidole vitatu, na ni hapo tu unaporuhusiwa kubana. Nilipojaribu kuufungua ukateleza. Na mtutu ukiteleza, kwa miaka zaidi ya thelathini nimefanya jambo moja: nausogeza ndani zaidi ya jiliwa ili mbao zishike sehemu kubwa, halafu nakaza kwa uzito wa mwili. Mtutu wa chuma hauna habari, ukaze utakavyo. Nikausogeza. Mbao zikakalia kaboni. Nikakaza.

Nikasikia tik. Mlio mdogo, kama tambi kavu ikivunjika ndani ya pakiti. Redio ingekuwa juu zaidi kidogo nisingeusikia kabisa.

Nikalegeza jiliwa, nikauchukua mtutu hadi dirishani. Mwanzoni sikuona kitu. Halafu nikauinamisha kwenye mwanga, nikauona ufa, mwembamba, urefu wa ukucha wa kidole gumba. Nikachukua sarafu, nikagonga kaboni taratibu kutoka nyuma kwenda mbele. Hii ni njia nzuri, ishikeni. Kaboni nzima inajibu kwa sauti kali na kavu. Iliyoachana ndani inajibu kwa sauti nzito, kama unagonga mkate. Kwenye ufa na kiasi cha kiganja kuuzunguka, nikasikia mkate.

Nikakaa kwenye kigoda.

Sasa nitawaambia kitu ambacho mpaka leo nimemwambia Mwajuma peke yake. Elin alikuwa na gundi nyeusi ya kulaza bunduki kwenye vitako, gundi ya mirija miwili, unachanganya, una dakika kumi kabla haijawa jiwe. Rangi yake na rangi ya ule mtutu ni moja. Nilikata kipande cha kartoni, nikakamua mirija yote miwili, nikachanganya kwa kijiti. Nilikuwa nimekwisha kujipangia maneno. Chuma cha ndani ni kizima. Moto unabebwa na chuma. Labda hakitatokea kitu. Na hilo lilikuwa kweli, vijana, labda kisingetokea kitu. Labda mtutu ungepiga vizuri ukiwa baridi, na baada ya risasi ya tatu, ukishapata joto, ungeanza kuvuta upande, kidole kimoja, viwili. Kwa umbali wa kituo kile vidole viwili ni tofauti kati ya mnyama aliyekufa papo hapo na mnyama anayekimbia amejeruhiwa siku mbili. Na nyuma ya mnyama huwa kuna msitu, na ndani ya msitu kuna wenzake Nyambura.

Upande mwingine nilimwona yeye. Nikisema, msimu umempita, kituo kimekwenda, na atakuwa amekipoteza kwa mkono wangu. Nikinyamaza, atakaa kituoni kwake Jumatatu ile ya kufungua msimu. Nilikuwa namtetea yeye kichwani mwangu kwa bidii kweli kweli, na ilinichukua muda kugundua kwamba mtu ninayemtetea ni mimi. Nilikuwa naona haya. Mzee aliyefundishwa na Gustav, aliyeringa mbele ya watu kwamba hajawahi kuharibu mtutu.

Nilisimama na kile kijiti mkononi. Sikumbuki niliwaza nini mwishoni. Nilipotaka kukichovya tena, gundi ilikuwa imeshika, kijiti kikainuka na kartoni yake. Nikaviweka vyote juu ya meza na ule mtutu, nikamsubiri Elin.

Elin alipoingia alitazama meza, akatazama kartoni, akaelewa hata lile ambalo sikumwambia. Hakupiga kelele. Aliniuliza kama maelezo ya kufunga nimeyasoma. Nikasema sikuyasoma. Akasema atatafuta mtutu mwingine, gharama ni ya karakana, na huo wa pili ataufunga yeye au atampa fundi mwingine. Alikuwa na haki. Nikamwomba jambo moja tu, nimpigie Nyambura mimi mwenyewe, siku ile ile.

Nyambura alikuja kesho yake moja kwa moja kutoka zamu, kapanda treni ya Flemingsberg hadi Spånga bila hata kubadili viatu vya kazi. Nilimwonyesha ufa. Nikampa sarafu, nikamwambia agonge mwenyewe, akagonga, akasikia. Nikamweleza nilivyobana, na kwa nini nilibana vile. Elin akamwambia kwamba msambazaji ana mtutu mmoja tu wa kipimo kile, utafika Alhamisi ya wiki ijayo ukifika, na kwamba safari hii hataugusa mzee.

Nyambura akawa anaizungusha ile sarafu kidoleni. Nilidhani atadai bunduki yake arudishiwe ilivyokuwa.

"Kwetu wodini mtu akikosea dawa," akasema, "tunaangalia kitu moja tu. Alisema lini." Halafu akamgeukia Elin, akamwambia kwa Kiswidi, polepole, kwamba huo wa pili aufunge mzee huyu huyu. Elin akamuuliza kwa nini. Nyambura akajibu kwa sababu Spånga nzima hakuna fundi mwingine atakayeogopa kulirudia kosa hilo kama yeye.

Niliingia chooni nikafungua maji.

Siku zilizofuata nilisoma yale maelezo, yote, na kamusi ubavuni. Nikachonga vipande vipya vya kubania, si vya mbao bali vya alumini, urefu wa vidole vitatu kamili, vikatoboliwa kwa kipimo cha ile sehemu ya chuma tupu, wala haviwezi kuteleza kwenda kwenye kaboni kwa sababu tundu lake halipiti hapo. Hili ndilo ninalotaka mlibebe. Nilikuwa nimekwisha kujiapiza kuwa mwangalifu, lakini uangalifu unachoka mchana ukifika. Tengenezeni kifaa kinachokataa kukosea, halafu muwe waangalifu juu yake. Na kama mtutu umegoma kuachia, msiuwashie moto kama tulivyokuwa tunafanya kwenye chuma. Gundi ya kaboni ikipata moto inalainika, na hutaona kitu kwa nje.

Mtutu ulifika Alhamisi mchana. Nikauzungushia utepe mwekundu pale chuma kinapoishia. Nikaufunga, nikapima, geji ya kuingia ikakataliwa, nikaufungua, nikakereza, nikaurudisha. Nilirudia mara tatu, kila mara nikigonga kaboni kwa sarafu kabla na baada. Mara ya tatu komeo likafunga kwenye geji ya kuingia kwa ulaini, na kwenye ya kukataa likagoma katikati. Elin alikaa muda wote kwenye kiti cha baba yake akinitazama, kikombe cha kahawa kimempoa. Nikapitisha risiti ya dukani chini ya mtutu, ikapita mpaka mwisho. Alipoona hivyo akaondoka kwenda kujibu simu.

Jumamosi tulikwenda uwanja wa shabaha, sisi watatu. Nikamwonya Nyambura kuhusu joto. Mtutu wa chuma ukishika moto mkono unajua. Wa kaboni nje unabaki wa vuguvugu wakati ndani unaungua, kwa hiyo usiuamini mkono, hesabu risasi, piga tatu, pumzisha. Tatu za kwanza zilikaa ndani ya duara la kikombe cha chai. Tukanywa kahawa. Tatu za pili, palepale. Za tatu nilizifuata mwenyewe hadi kwenye karatasi kwa sababu darubini sikuiamini, nikaweka kiganja juu ya matundu yote tisa, kikayafunika. Kisha akapiga kwenye ule ubao wa älg unaokimbizwa kwenye reli, akiinua na kushusha, kuinua na kushusha. Bega halikumsimamisha hata mara moja.

Jumatatu msimu ukafunguliwa. Sikuwa na cha kufanya karakanani, hata hivyo nilikwenda. Nilifagia. Nikapanga tupa kwa ukubwa. Elin akaniambia niende nyumbani, namkera. Nikarudi Tensta, nikaiweka simu mezani, Mwajuma akaweka chakula mbele yangu, nikakitazama. Kila mlio ulinishtua. Mara ni mwanangu, anauliza kwa Kiswidi kama nimeona ufunguo wake. Mara ni mtu anauza umeme.

Saa kumi na moja jioni ikalia, Nyambura. Alikuwa anaongea kwa sauti ya chini, nyuma yake nasikia watu wanacheka na vikombe vinagongana.

"Mzee, nimekaa hapo tangu asubuhi mpaka wakasema turudi," akasema. "Sijaona hata mkia."

Nikamwambia pole.

"Pole ya nini? Kesho wameniandika hapo hapo. Na keshokutwa."

Akaniaga, maana kahawa yake ilikuwa inapoa. Nikala chakula changu chote, na cha Mwajuma kidogo. Mwisho wa mwezi ule nikamkabidhi Elin funguo, nikawa mstaafu, kwa hiari yangu na kwa heshima yangu.

Na Oktoba imekuja tena na tena tangu hapo. Yeye yuko kituoni kwake, mimi niko nyumbani nakunywa chai, simu inalia naipokea kama mtu yeyote. Kama ningeuziba ule ufa, mpaka leo ningekuwa naogopa kuipokea.